Tar, cpio, ufsdump au dd: ushike kipi tepu ya bekapu inapogoma kwenye Unix ya zamani

Seva bado inawaka. Ni Sun ya zamani yenye Solaris 8 (Unix ya Sun), ubavuni mwake kuna draivu ya nje ya tepu za aina ya DDS-4, na ndani yake mna mfumo wa mishahara ambao hakuna aliye tayari kuuhamisha. Usiku bekapu imekatika katikati. Asubuhi kijana anayeitunza ananipigia simu: "Shikamoo kaka. Tepu imegoma tena. Niachane na ufsdump nihamie tar?"

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Mmoja anataka kutoka tar kwenda cpio, mwingine anataka kununua draivu ya tepu za LTO akidhani mambo yataisha. Wote wanatafuta chombo kitakachoandika bila kulalamika. Mimi huwaomba waligeuze swali. Diski imekufa, tepu ina doa katikati, na mashine uliyobaki nayo ni nyingine kabisa: je, ni chombo gani kitakurudishia mafaili mengi zaidi? Kwa kipimo hicho programu nne za Unix za kunakili data kwenye tepu, yaani tar, cpio, ufsdump na dd, zinatofautiana sana, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia hapa chini.

Kabla ya kubadilisha programu, mjue mkosaji

Tar, cpio na ufsdump zote huzungumza na draivu kupitia mlango mmoja, yaani draiva ya `st` (programu inayoendesha draivu ya tepu) kwenye Solaris. Kebo ya SCSI, inayounganisha draivu na mashine, ikilegea, zote tatu zitakatika, tofauti ni maneno ya malalamiko tu. Kwa hiyo, mara baada ya kosa na kabla hujaitoa tepu, andika:

`mt -f /dev/rmt/0n status`

Tazama namba iliyo mbele ya `sense key`. Namba hiyo ndogo huokoa siku nzima ya kubahatisha. Ikiwa ni 0x3, tatizo liko kwenye tepu au kwenye vichwa vya kusomea: ingiza kaseti ya kusafishia, kisha jaribu tepu mpya kabisa. Ikiwa ni 0x4, draivu yenyewe inaumwa. 0x7 ina maana kaseti imefungwa isiandikwe, na mara nyingi ni kile kibao kidogo cha plastiki kimesukumwa upande usiotakiwa. 0x8 ina maana draivu imekuta utupu: tepu haijaandikwa, au umeshapita mwisho wa data. 0x6 isikutishe, draivu inakuambia tu kwamba imewashwa upya au tepu imebadilishwa. Rudia amri.

Ukikuta kwenye `/var/adm/messages` mistari ya `SCSI transport failed`, acha kuilaumu tepu. Hapo tafuta kebo, plagi yenye pini iliyopinda, namba za ID zinazogongana, au terminata (kizibo cha ncha ya mnyororo). Mnyororo wa SCSI unataka terminata mbili tu, moja kila ncha, na nimeshakuta mashine zenye tatu. Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho: draivu kadhaa za DLT (aina nyingine ya tepu) za zamani ni za aina ya SCSI iitwayo HVD, na ukizichomeka kwenye adapta ya aina nyingine, LVD, plagi inaingia sawasawa, lakini basi lote la SCSI halifanyi kazi. Soma alama iliyochapwa nyuma ya draivu kabla ya kuchomeka chochote.

Kama Solaris haiioni draivu kabisa, shuka hadi kwenye alama ya `ok`, kabla Solaris haijawaka, weka `setenv auto-boot? false`, piga `reset-all`, halafu `probe-scsi-all`. Ukiruka hatua ya reset, mashine inaweza kuganda. Ikionekana hapo lakini isionekane ndani ya Solaris, washa kwa `boot -r` ili majina ya vifaa yajengwe upya. Kwenye Unix nyingine, wenye AIX watasoma `errpt -a`, wenye HP-UX `ioscan -fnC tape`, na wenye SCO OpenServer wataanza na `tape status`.

Baada ya hapo tu ndipo swali la tar au ufsdump linapokuwa na maana. Bado kuna mitego miwili inayofanana sana na ubovu wa programu.

Herufi moja iliyotugharimu miezi

Miaka ya nyuma nilikabidhiwa seva katika ofisi moja ya pwani. Kila usiku skripti iliandika mifumo mitatu ya faili kwenye tepu moja: `/`, kisha `/export/home`, kisha `/var`. Barua pepe za cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, zilionyesha kila kitu kimekwenda salama, na kaseti zilipangwa kabatini kwa tarehe, kabati likifungwa kwa ufunguo. Siku mtu alipofuta kwa bahati mbaya saraka yake ndani ya `/export/home`, tulitoa tepu ya jana. Tukakuta `/var` peke yake. Ya juzi, `/var`. Tulifungua tepu za miezi, zote `/var`.

Skripti ilikuwa imeandika `/dev/rmt/0` badala ya `/dev/rmt/0n`. Ile `n` huiambia draivu isijirudishe mwanzo ikimaliza. Bila hiyo, kila bekapu iliandikwa juu ya iliyotangulia, na ya mwisho ndiyo iliyosalia. Hakuna programu iliyokosea hata kidogo. Kwenye SCO kifaa kisichojirudisha ni `/dev/nrStp0`, kwenye AIX ni `/dev/rmt0.1`, kwenye HP-UX ni `/dev/rmt/0mn`. Fungua skripti yako leo uitafute herufi hiyo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu yule aliyepoteza saraka yake hakuipata tena.

Mtego wa pili ni ukubwa wa bloku, yaani fungu la data linaloandikwa kwenye tepu kwa mkupuo mmoja. Tar kwa kawaida huandika bloku za baiti 10,240, yaani vipande 20 vya baiti 512. Cpio yenye `-B` huandika 5,120. Ufsdump huandika bloku kubwa zaidi. Tepu iliyoandikwa vizuri kwenye mashine moja inaweza kukataliwa na nyingine kwa sababu draivu ya pili imepangwa kusoma bloku za ukubwa mmoja usiobadilika. Kuujua ukubwa halisi ni rahisi:

`dd if=/dev/rmt/0n of=/tmp/bloku bs=128k count=1`
`ls -l /tmp/bloku`

Ukubwa wa faili hilo ndio ukubwa wa bloku ya tepu yako, mradi draivu iko katika hali ya bloku zinazobadilika. Kwenye AIX unaiweka katika hali hiyo kwa `chdev -l rmt0 -a block_size=0`. Nimeona tepu zikiandikwa "mbovu" kwa kalamu nyekundu, kumbe kosa lilikuwa hili tu.

Ufsdump: bora kwa kurudisha mashine yako mwenyewe

Ufsdump haitembei ndani ya saraka kama mtumiaji wa kawaida. Inasoma diski yenyewe, inodi (kumbukumbu ya diski kuhusu kila faili) kwa inodi. Kwa hiyo hubeba kila kitu kama kilivyo: vifaa vya `/dev`, viungo vigumu (faili moja lenye majina zaidi ya moja), mafaili yenye mashimo ndani, majina yenye herufi za ajabu, na haigusi hata tarehe ya mwisho ya faili kusomwa. Mwaka 1991 Elizabeth Zwicky alizijaribu programu za bekapu za Unix kwa kuzilisha mafaili ya kuzitesa makusudi, na jamii ya dump ndiyo iliyosimama vizuri kuliko nyingine. Matokeo yale bado yanalingana na ninayoyaona kwenye mashine za umri ule.

Ina viwango kuanzia 0 hadi 9. Jumapili unachukua kiwango 0, siku nyingine unachukua kilichobadilika tu, na kwa herufi `u` kumbukumbu hukaa `/etc/dumpdates`. Diski ikifa, unawasha kwa `boot cdrom -s`, unatengeneza mfumo wa faili kwa `newfs`, unaupandisha, unarejesha kwa `ufsrestore rf`, na kama ni `/` unamalizia na `installboot`. Mashine inarudi kama ilivyokuwa. Tar haikupi hilo kwa urahisi.

Udhaifu wake ni mitatu, na mmoja ni mkubwa. Kwanza, inataka mfumo wa faili uliotulia. Ukiipigia `/export/home` watu wakiwa kazini, mafaili yanahama chini ya miguu yake na kurejesha kunaweza kuleta vitu nusunusu. Kwenye Solaris 8 za kuanzia 2001 dawa ipo: `fssnap` hupiga picha ya mfumo wa faili, na ufsdump inaisoma picha hiyo huku watu wakiendelea na kazi. Kumbuka tu kwamba hifadhi ya picha lazima iwe kwenye mfumo mwingine wa faili. Matoleo ya kabla ya hapo yanakutaka ushuke hali ya mtumiaji mmoja.

Udhaifu wa pili ni mpangilio wake kwenye tepu. Ramani ya inodi na saraka zote hukaa mwanzoni, na mafaili yanafuata kwa mpangilio wa inodi. Doa likiwa katikati, utapoteza mafaili machache, na `ufsrestore` yenye herufi `y` itajitahidi kuruka sehemu mbovu bila kukuuliza kila mara. Doa likiwa kwenye mita za mwanzo, umepoteza majina. Na mwanzo wa tepu ndio unaochakaa zaidi, kwa sababu kila bekapu inapita pale. Hii ndiyo sababu sikubali tepu moja itumike kwa ufsdump kila usiku mwaka mzima. Zungusha kaseti.

Tatu, ufsdump ni ya UFS, mfumo wa faili wa Solaris. Usitegemee kwamba miaka mitano ijayo, ukiwa na Linux tu mezani, utaifungua bila taabu.

Tar: bora pale data inapokwenda ugenini

Tar ilitoka na Unix Toleo la 7 mwaka 1979, na hadi leo karibu kila mashine inaisoma. Mbele ya kila faili huweka lebo ya baiti 512 yenye jina, ukubwa na namba ya kuhakiki. Hakuna ramani kuu. Kwa tepu yenye doa hii ni neema: ukipoteza lebo moja, programu yenye akili inatafuta lebo inayofuata na kuendelea. GNU tar hufanya hivyo yenyewe. Tar ya Solaris itasimama na kulia `directory checksum error`, na unaiambia iendelee kwa herufi `i`. Tahadhari hapa: kwenye GNU tar herufi hiyohiyo `i` ina kazi nyingine, ya kutojali bloku za sufuri. Usinakili amri kutoka mashine moja kwenda nyingine kwa mazoea.

Mipaka yake inauma kimyakimya. Tar ya kale haikubali njia ya faili inayozidi herufi 100. Umbizo la ustar linaongeza hadi karibu 255, lakini njia lazima ikubali kukatwa kwenye alama ya mkwaju. Faili lisizidi GB 8. Faili linaloshindikana linarukwa, onyo linaandikwa, na onyo hilo linakwenda kwenye barua ya cron ambayo hakuna anayeifungua. Tar ya Solaris ina herufi `E` inayovuka mipaka hii, ila tepu hiyo huenda isieleweke na tar nyingine za zamani, na hapo umetupa sababu yenyewe ya kuichagua tar.

Kuna hatari nyingine inayowapata hata wazoefu. Ukiandika `tar cf /dev/rmt/0n /export/home`, tar ya Solaris huhifadhi mkwaju wa mwanzo. Siku ya kurejesha "ili tuangalie tu", mafaili ya mwezi uliopita yanakaa juu ya ya leo. Daima fanya `cd /export` kwanza, kisha hifadhi `./home`.

Na tafadhali, usipitishe bekapu kwenye `gzip` kabla ya kuiandika kwenye tepu. Baiti chache zikiharibika, kila kilicho nyuma yake kimekwenda. Kama nafasi ni ndogo, iachie draivu ibane yenyewe kwa `/dev/rmt/0cn`. Draivu hubana kwa mafungu madogo, na doa halitambai hadi mwisho wa kaseti.

Cpio: mpole kwa tepu mbovu, mkali kwa mwendeshaji

Cpio haichagui mafaili, inalishwa orodha. Hapo ndipo raha yake ilipo: kwa `find` unachagua yaliyobadilika tangu jana, yanayoishia kwa `.dat`, ya mtumiaji fulani, unachotaka.

`find . -depth -print | cpio -ocB > /dev/rmt/0n`

Hiyo `c` usiisahau maisha. Bila hiyo lebo zinaandikwa kwa mfumo wa namba wa mashine husika, na tepu ya SPARC (prosesa ya Sun) ikifika kwenye Intel baiti zimepinduka. Cpio za System V zilikuwa na ujumbe wao maarufu kwa hali hii, `Out of phase--get help`, na wengi waliousoma waliitupa tepu nzima iliyokuwa haijaharibika hata kidogo. Mara nyingi tatizo ni hiyo `c`, iliyotakiwa ikakosekana au iliyowekwa pasipotakiwa.

Kwa doa la kweli, cpio ya Solaris ina `-k`, inayoruka lebo zilizoharibika na makosa ya kusoma, na inafanya kazi hiyo vizuri sana. GNU cpio inaipokea `-k` lakini haiifanyii chochote, kwa hiyo tepu mbovu ya cpio itafutie Solaris au SCO, si Linux. Umbizo la `-c` la SVR4 lina tarakimu nane za heksadesimali kwa ukubwa wa faili, kwa hiyo GB 4 ndio ukuta, na programu nyingi za wakati ule zilisimama GB 2. Kama una faili kubwa la hifadhidata, cpio si yako.

Anayeirejesha akumbuke kwamba bila `d` haijengi saraka, bila `m` tarehe zote zinakuwa za leo, na bila `u` haiandiki juu ya faili jipya zaidi.

Dd: ya kuokoa, kwa siku ya msiba

Dd siihesabu kama chombo cha bekapu ya kila usiku. Lakini tepu yenye data pekee duniani ikianza kutoa makosa, dd ndiyo ya kwanza kuishika. Kila mara vichwa vinapopita juu ya utepe mbovu vinaukwangua zaidi, kwa hiyo lengo ni kuusoma mara chache iwezekanavyo. Nakili tepu yote kwenye diski kama ilivyo, faili moja la tepu baada ya jingine, kisha fanya majaribio yako yote kwenye nakala.

`dd if=/dev/rmt/0n of=/okoa/f1 bs=10k conv=noerror,sync`

Thamani ya `bs` lazima iwe ukubwa halisi wa bloku uliopima awali. Ukikosea, `sync` itajaza sufuri mahali pasipostahili na nakala yote itapinda. Draivu nyingine ikigonga doa haisogei tena, inarudia kosa lilelile, na hapo unairusha kwa `mt fsr` bloku kadhaa mbele kisha unaendelea na kipande kingine. Andaa nafasi ya kutosha: kaseti ya DDS-4 ina GB 20, na kama ilibanwa inaweza kutoa mara mbili yake. Ukishapata `/okoa/f1`, unaweza kuipa tar, cpio au ufsrestore kama vile ni tepu.

Nikiyaweka bega kwa bega:

| | ufsdump | tar | cpio -c |
|---|---|---|---|
| Kurudisha mashine nzima | bora | kwa taabu | inawezekana |
| Kusomwa kwenye mfumo mwingine | dhaifu | bora | nzuri |
| Doa katikati ya tepu | hupoteza machache | hupoteza machache | hupoteza machache, kwa `-k` |
| Doa mwanzoni mwa tepu | msiba | hasara ndogo | hasara ndogo |
| Faili zaidi ya GB 8 | sawa | hapana, bila `E` | hapana |
| Watu wakiwa kazini | kwa `fssnap` | kwa hatari kiasi | kwa hatari kiasi |

Hifadhidata haimo kwenye jedwali kwa sababu hakuna hata kimoja kinachoihifadhi salama ikiwa inafanya kazi. Toa kwanza data kwa chombo chake, kama `exp` ya Oracle za zamani, ndipo faili hilo liende kwenye tepu.

Je, ubadilishe draivu?

DDS huandika kwa vichwa vinavyozunguka kwenye utepe wa milimita 4. Ni ndogo na ya bei nafuu, na ilifika hadi ofisi ndogo kabisa, lakini ni chombo dhaifu. Vumbi na unyevu vinaiumiza. Kwetu pwani, kaseti ikitoka kwenye chumba chenye ubaridi wa AC ikapita kwenye joto la nje, umande unaweza kukaa juu ya utepe. Iache izoee hewa ya chumba kabla ya kuiingiza.

Ugonjwa mbaya zaidi wa DDS ni vichwa kupinda taratibu kwa miaka. Draivu hiyo inaandika na kusoma tepu zake bila kosa lolote, na draivu nyingine yoyote inaziona takataka. Ukigundua hali hii, nakusihi usiipeleke draivu kwa fundi kwanza. Ikinyooshwa, tepu zako zote za zamani zimekwenda. Zisome zote zipeleke kwenye diski ukiwa na draivu ileile iliyopinda, ndipo uitengeneze au uitupe.

DLT ni ngumu zaidi, ina utepe wa nusu inchi unaokwenda mstari, na DLT8000 inachukua GB 40 kwa kaseti. Ukiipata nzima, na ya aina sahihi ya SCSI, ni badiliko zuri kwa seva ya umri huu.

LTO ndiyo inayovutia macho. LTO-1 ya mwaka 2000 tayari ilikuwa na GB 100, LTO-3 ina GB 400. Tatizo ni kasi. LTO-1 inataka karibu MB 15 kwa sekunde, wakati DDS-4 inaridhika na takriban 3. Diski za Sun ya zamani zikisoma mafaili madogomadogo hazifiki huko. Draivu ikikosa data inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, na utepe na vichwa vinakwisha kabla ya wakati. Halafu Solaris 8 inaweza kuhitaji maelezo ya draivu hiyo yaongezwe kwenye `/kernel/drv/st.conf`. Kama lazima iwe LTO, kusanya kwanza bekapu kwenye diski ya mashine mpya, kisha mashine hiyo iandike LTO.

Hapo ndipo ninapoona njia iliyo bora kwa wengi: tuma bekapu ya kila usiku kwa mtandao hadi kwenye diski ya mashine nyingine, na tepu ibaki kwa nakala ya wiki inayotoka nje ya jengo. Bekapu ikiwa diskini unaweza kuikagua kila asubuhi bila kuchakaza chochote. Ila draivu ya DDS usiitupe. Hakuna LTO inayosoma kaseti ya DDS, na kumbukumbu za mishahara zinaweza kudaiwa miaka mingi baadaye.

Nilichomshauri kijana

Nilimwambia apige `mt status` kwanza. Ilikuwa 0x3. Kaseti ya kusafishia ilipoingia mara mbili na tepu mpya ikawekwa, ufsdump ilikwenda hadi mwisho. Kwa hiyo hakuhama. Alibaki na ufsdump kwa `/`, `/var` na `/export/home`, kila moja kupitia `fssnap` na `/dev/rmt/0n`, na mwishoni mwa tepu ileile akaongeza faili la nne: data ya mishahara pekee, iliyotolewa na hifadhidata yenyewe, kwa tar ya kawaida isiyobanwa, ili hata mtu mwenye Linux na draivu ya DDS aweze kuifungua. Kwenye karatasi ya kaseti aliandika kwa kalamu faili namba ngapi ni nini, kwa chombo gani, na bloku za ukubwa gani.

Jumamosi iliyofuata aliazima draivu ya pili kwa rafiki, akaifunga kwenye mashine nyingine kabisa, akapiga `mt -f /dev/rmt/0n fsf 3` kuruka hadi faili la nne, na kurejesha ndani ya saraka tupu. Kisha akalinganisha kwa `cmp` na faili la asili. Aliponipigia jioni, alisema tu: "Kaka, `cmp` haijasema kitu." Cmp isiposema kitu, mafaili ni sawa baiti kwa baiti.